Mwandiko wa brashi Asia ya Mashariki: sanaa ya kale katika zama za kompyuta

Sanaa ya kuandika kwa brashi na wino ni miongoni mwa sanaa kongwe duniani ambazo hadi leo zinafanywa na watu wa kawaida, wala si mabingwa peke yao. Wachina huiita shufa, yaani kanuni ya kuandika. Wajapani huiita shodo, yaani njia ya kuandika, na Wakorea huiita seoye, yaani sanaa ya kuandika. Majina ni matatu lakini shina ni moja: maandishi ya Kichina, ambayo kwa karne nyingi yalikuwa lugha ya elimu katika sehemu kubwa ya Asia ya Mashariki, kama Kilatini kilivyokuwa Ulaya.

Mwaka 2009 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliuingiza mwandiko wa Kichina katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Mwaka 2021 serikali ya Japani nayo iliisajili rasmi shodo kuwa sehemu ya utamaduni wa taifa unaostahili kulindwa. Hatua hizo zimekuja katika zama ambazo watu wengi wa nchi hizo huandika kwa vidole juu ya simu, na wengine hukaa miezi kadhaa bila ya kushika kalamu.

Je, sanaa hii ni ya namna gani, na kwa nini inaendelea kuwavutia watu wakati mahitaji ya kuandika kwa mkono yanapungua kila mwaka?

Hazina nne za chumba cha msomi

Mwandishi wa brashi anahitaji vitu vinne, ambavyo Wachina huviita hazina nne za chumba cha msomi: brashi, wino, karatasi na jiwe la kusagia wino.

Brashi hutengenezwa kwa manyoya ya mbuzi, ya sungura au ya kicheche, yaliyofungwa katika mpini wa mwanzi. Manyoya ya mbuzi ni laini na hunywa wino mwingi. Ya kicheche yana nguvu na hurudi upesi katika umbo lake. Mji wa Huzhou, katika jimbo la Zhejiang, umejulikana kwa karne nyingi kutokana na brashi zake.

Wino wa asili si maji. Ni kipande kigumu mfano wa kijiti, kinachotengenezwa kwa masizi ya msonobari au ya mafuta yaliyochanganywa na gundi ya wanyama. Mwandishi hutia matone ya maji juu ya jiwe, kisha hukisugua kijiti hicho polepole hadi maji yawe meusi na mazito kiasi anachotaka. Kazi hiyo huweza kuchukua dakika nyingi, na walimu wengi huihesabu kuwa sehemu ya somo lenyewe, kwani mkono hutulia na akili hukusanyika kabla ya neno la kwanza kuandikwa. Siku hizi wino wa chupa unapatikana kila duka la vifaa, na wanafunzi wengi hutumia huo.

Karatasi mashuhuri kuliko zote ni ile ya xuan, kutoka wilaya ya Jing katika jimbo la Anhui, ambayo ufundi wake pia uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2009. Hutengenezwa kwa magome ya mti na mabua ya mpunga. Ni laini, hudumu miaka mingi sana, na hunyonya wino mara moja. Tabia hiyo ya mwisho ndiyo inayoipa sanaa hii ugumu wake, kwani brashi ikisita kidogo tu, doa hutanuka.

Mitindo mitano ya maandishi

Maandishi ya kale zaidi ya Kichina yanayojulikana yalichongwa juu ya mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe, zaidi ya miaka 1,200 kabla ya Kristo, katika zama za ufalme wa Shang. Yalitumika katika ramli za wafalme. Kutoka hapo ilikua mitindo mitano ambayo mwanafunzi wa leo bado anajifunza.

Wa kwanza ni mtindo wa mihuri, uliosanifiwa baada ya Mfalme wa Qin kuiunganisha China mwaka 221 kabla ya Kristo. Mistari yake ina unene mmoja na kona za mviringo, na hadi leo hutumika katika mihuri. Wa pili ni mtindo wa makarani, ulioenea zama za Han, wakati maofisa wa serikali walipohitaji kuandika haraka zaidi. Wa tatu ni mtindo sanifu, wenye herufi zilizosimama wima kama askari katika gwaride. Huu ndio unaofundishwa kwanza shuleni. Wa nne ni mtindo wa kutembea, ambamo mistari huanza kushikana. Wa tano ni mtindo wa kukimbia, ambamo herufi nzima huweza kuandikwa bila ya kuinua brashi, na msomaji asiyezoea huenda asiitambue hata moja.

Mwanafunzi husifiwa akifuata kwa uaminifu kazi za mabwana wa zamani. Hunakili maandishi yao mara mia, mara elfu, na baada ya miaka mingi ndipo mwandiko wake mwenyewe unapojitokeza. Zoezi moja maarufu ni herufi yong, yenye maana ya milele. Herufi hiyo moja ina aina nane za msingi za mistari, na imetumika kufundishia tangu zamani.

Mstari usiorudiwa

Kinachoitofautisha sanaa hii na uchoraji wa kawaida ni kwamba haina marekebisho. Mchoraji wa rangi za mafuta anaweza kufuta na kupaka upya. Mwandishi wa brashi hawezi. Kila herufi ina mpangilio maalumu wa mistari, upi uanze na upi ufuate, na mtazamaji anayeijua lugha huweza kuifuata safari ya brashi kutoka mwanzo hadi mwisho: hapa mwandishi aliharakisha, pale alikandamiza, hapa wino ulikuwa unamwishia. Kwa hiyo karatasi hubaki kama kumbukumbu ya dakika chache za maisha ya mtu, hata kama mtu huyo alikufa miaka elfu moja iliyopita.

Kazi inayotajwa kuliko zote ni utangulizi ulioandikwa na Wang Xizhi mwaka 353, katika banda la Lanting karibu na mji wa Shaoxing. Yeye na marafiki zake walikaa kando ya kijito, vikombe vya mvinyo vikielea majini, na kila aliyefikiwa na kikombe alitakiwa kutunga shairi. Wang aliandika utangulizi wa mashairi hayo, na inasimuliwa kwamba alipojaribu kuuandika tena baadaye hakuweza kuufikia uzuri wa ule wa kwanza. Nakala yake ya asili haipo tena. Kwa mujibu wa mapokeo, Mfalme Taizong wa ukoo wa Tang, aliyetawala kuanzia mwaka 626 hadi 649, aliipenda mno hata ikazikwa pamoja naye. Kinachosomwa leo ni nakala zilizofanywa na mafundi wa zama za Tang na baada yake.

Rasimu ya msiba

Pengine hakuna karatasi inayoeleza vizuri zaidi nguvu ya sanaa hii kuliko rasimu iliyoandikwa na Yan Zhenqing mwaka 758.

Yan alikuwa ofisa wa serikali ya Tang. Mwaka 755 jemadari An Lushan aliasi, na vita vilivyofuata viliitikisa China yote. Binamu yake Yan, aliyekuwa gavana wa Changshan, alikataa kujisalimisha. Mji ulipotekwa, yeye na mwanawe kijana waliuawa. Miaka miwili baadaye familia ilifanikiwa kupata kichwa tu cha yule kijana, ndipo Yan akakaa kuandika hotuba ya maombolezo.

Mistari ya kwanza ni mitulivu, imepangwa kama barua ya ofisi. Kisha, anapofikia habari za kuuawa kwa jamaa zake, mkono unaanza kwenda kasi. Maneno yanakatwa na kuandikwa upya pembeni. Wino unakauka na brashi inaendelea kukwaruza karatasi bila ya kuchovywa tena. Yan hakukusudia kuandika kazi ya sanaa. Alikuwa anaandaa rasimu, na pengine alitegemea kuinakili baadaye kwa mwandiko safi. Lakini madoa na makosa hayo ndiyo yaliyoifanya ihesabiwe kuwa miongoni mwa maandishi bora kabisa ya Kichina. Wanafunzi wanaoinakili leo hujaribu kuufuata mwendo wa mkono wa mtu aliyekuwa katika huzuni.

Rasimu hiyo huhifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Kasri mjini Taipei, Taiwan. Mwaka 2019 iliazimwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kwa ajili ya maonyesho, na uamuzi huo ulizusha mjadala mkali huko Taiwan na China bara. Wapo waliohofia kwamba karatasi yenye umri wa karne 12 ingeharibika njiani, na wapo waliohoji kwa nini amana kama hiyo ipelekwe nje.

Japani, Korea na Vietnam

Wajapani walipokea maandishi kutoka China, mara nyingi kupitia Korea. Mtawa wa Kibudha Kukai alikwenda China mwaka 804, akarudi mwaka 806 akiwa na elimu ya dini na ya mwandiko pia. Baadaye, kutokana na herufi za Kichina zilizoandikwa kwa mtindo wa kukimbia, Wajapani walipata herufi zao za hiragana, nyembamba na za mviringo, ambazo zilileta uzuri wa aina nyingine kabisa.

Desturi za shodo bado zinaonekana katika maisha ya umma. Tarehe 2 Januari familia nyingi hufanya maandiko ya kwanza ya mwaka, watoto wakiandika maneno ya heri. Tangu mwaka 1995, kila Desemba, hutangazwa herufi moja ya mwaka iliyochaguliwa kwa kura za wananchi, na kuhani mkuu wa hekalu la Kiyomizu mjini Kyoto huiandika hadharani kwa brashi kubwa. Herufi ya kwanza kabisa ilikuwa tetemeko, baada ya maafa ya Kobe ya mwaka 1995. Mwaka 2011, baada ya tetemeko la ardhi na tsunami, ilikuwa herufi ya mafungamano baina ya watu.

Korea ina simulizi inayojulikana kwa kila mtoto. Han Seok-bong, aliyezaliwa mwaka 1543, alirudi nyumbani kutoka masomoni akidhani amekwisha hitimu. Mama yake, aliyekuwa akiuza keki za mchele, alizima taa akamwambia: wewe andika, nami nitakata keki. Taa ilipowashwa, vipande vya mama vilikuwa sawasawa, na herufi za mwana zilikuwa zimepinda. Alirudishwa masomoni usiku ule ule, na baadaye akawa mwandishi mashuhuri wa nchi yake. Bingwa mwingine, Kim Jeong-hui, alipelekwa uhamishoni katika kisiwa cha Jeju kuanzia mwaka 1840 hadi 1848, na wataalamu wengi wanasema mtindo wake wa pekee ulikomaa katika upweke huo.

Vietnam ina mfano unaoweza kumgusa msomaji wa Kiswahili zaidi ya yote. Nchi hiyo iliacha herufi za Kichina na kushika herufi za Kilatini, kama Kiswahili kilivyoacha herufi za Kiarabu katika matumizi mengi. Hata hivyo brashi haikuachwa. Wakati wa sikukuu ya mwaka mpya, Tet, watu hufika katika Hekalu la Fasihi mjini Hanoi kuomba waandikiwe neno la baraka, na baadhi ya waandishi huandika Kivietnam cha herufi za Kilatini kwa brashi na wino mweusi.

Mkono unaosahau

Kompyuta na simu zimeleta tatizo lisilojulikana kwa watumiaji wa alfabeti. Mtu anayeandika Kichina kwa simu mara nyingi huingiza matamshi ya neno kwa herufi za Kilatini, kisha huchagua herufi sahihi kutoka katika orodha. Anaweza kuisoma, lakini mkono wake hauhitaji tena kuikumbuka. Wachina wana msemo wa hali hiyo: kushika kalamu na kuisahau herufi. Hata wasomi hujikuta wakisita mbele ya karatasi, wakitafuta mstari mmoja uliopotea.

Shule zimejaribu kujibu. Nchini Japani, wanafunzi huanza kuandika kwa brashi katika darasa la tatu la shule ya msingi. Nchini China, mwongozo wa wizara ya elimu wa mwaka 2013 nao uliweka masomo ya brashi kuanzia darasa hilo. Lakini ratiba za shule zimejaa, na mitihani mikubwa haimpi mtoto alama kwa ajili ya uzuri wa mstari.

Uhai wa sanaa hii unaonekana zaidi nje ya madarasa. Katika bustani za Beijing na miji mingine ya China, wazee hufika asubuhi na brashi ndefu zenye sifongo, wakaandika kwa maji juu ya sakafu ya mawe. Maandishi hukauka na kutoweka baada ya dakika chache, na hakuna anayesikitika. Ni mazoezi ya mwili, ni kumbukumbu ya mashairi, na ni baraza ya mazungumzo.

Vijana wa Japani wamepata njia yao. Katika mji wa Shikokuchuo, unaoishi kwa viwanda vya karatasi, wanafunzi wa sekondari walianza kuandika kwa makundi juu ya karatasi kubwa iliyotandazwa chini, wakicheza kwa muziki na kubeba brashi nzito kama mafagio. Mwaka 2008 yalianzishwa mashindano ya taifa ya namna hiyo, na mwaka 2010 filamu ilitengenezwa kutokana na habari za wanafunzi hao.

Wapo pia wasanii walioipeleka brashi mahali isikotarajiwa. Xu Bing, mzaliwa wa Chongqing, alibuni katika miaka ya 1990 namna ya kuyaandika maneno ya Kiingereza ndani ya miraba, hata yakaonekana kama Kichina. Inoue Yuichi, aliyekuwa mwalimu wa shule mjini Tokyo wakati mji huo uliposhambuliwa kwa mabomu ya moto tarehe 10 Machi 1945, alinusurika huku watu wengi waliokimbilia katika shule yake wakiteketea. Ilimchukua zaidi ya miaka 30 kuiandika habari hiyo. Alipoiandika mwaka 1978, herufi zake zilijazana na kusukumana kama umati uliokosa pa kutokea.

Kanazawa Shoko, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1985 akiwa na hali iitwayo mtindio wa Down, alifundishwa na mama yake kuanzia utotoni. Akiwa na umri wa miaka 10 alinakili andiko zima la Kibudha, Sutra ya Moyo. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 2005, na mwaka 2012 mwandiko wake ulionekana na mamilioni ya watu kila wiki katika jina la tamthilia ya televisheni ya NHK. Kazi zake zimewafanya Wajapani wengi waitazame upya thamani ya watu wenye ulemavu wa akili.

Upande wa biashara, mwaka 2010 gombo lililoandikwa na Huang Tingjian, msomi wa zama za Song, liliuzwa mnadani Beijing kwa yuan milioni 436.8, zaidi ya dola milioni 60 za Marekani kwa wakati ule.

Ndugu wa khati

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, heshima kwa mwandiko si jambo geni. Miji ya pwani ina historia ndefu ya khati ya Kiarabu. Misahafu iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, ni ushahidi wake, sawa na tenzi za Kiswahili zilizonakiliwa kwa herufi za Kiarabu. Khati hiyo nayo iliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2021, Oman ikiwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha ombi.

Njia hizi mbili zilikwisha kutana zamani. Waislamu wa China waliandika Kiarabu kwa mkono uliozoea brashi, na ukazaliwa mtindo uitwao sini, wenye mistari minene inayoishia kwa ncha nyembamba. Bingwa wake maarufu leo ni Haji Noor Deen Mi Guangjiang, aliyezaliwa mkoani Shandong mwaka 1963. Kalamu ya mwanzi na brashi ya manyoya ni vifaa tofauti, lakini adabu ni moja: mwanafunzi huketi mbele ya mwalimu, hunakili kwa miaka, na hajiiti fundi kabla ya kuitwa hivyo na aliyemfundisha.

Anayetaka kujaribu hana haja ya kujua Kichina. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilifunguliwa mwaka 2005, na zimefuata nyingine katika nchi jirani. Katika taasisi kama hizo, sambamba na lugha, wanafunzi huonyeshwa pia sanaa za China, mwandiko wa brashi ukiwamo. Wanaoishi Ulaya, Ghuba na Marekani wanaweza kupata madarasa katika vituo vya utamaduni vya Japani, Korea na China.

Somo la kwanza kwa kawaida ni mstari mmoja wa ulalo, ambao kwa Kichina na Kijapani ni herufi kamili yenye maana ya moja. Brashi hukandamizwa, huvutwa kutoka kushoto kwenda kulia, husimamishwa na kurudishwa kidogo. Mwanafunzi huona mara moja mahali mkono wake ulipotetemeka. Karatasi huwekwa kando, na mstari wa pili huanza.